Mashine Iliyojaa

4 Februari

Kaka,

Pokea salamu ukiwa umekaa kabisa, maana zimekuja na lawama. Nimeamua kutumia karatasi kwa sababu simu zangu unazikata ukiwa kikaoni, na barua haikatiki.

Nianze na Baba. Kidonda cha shingoni kimefunga vizuri na daktari ameridhika. Sauti ndiyo hivyo tena, walishatuambia mapema kwamba wakitoa uvimbe watatoa na sauti. Mkono wake unazidi kutetemeka, akiandika kitu tunabaki kugeuzageuza karatasi kutafuta juu ni wapi. Kwa hiyo anaishi kwa ile kompyuta uliyoiacha nyumbani na ile programu uliyomtengenezea. Maneno mia sita na arobaini, yote kwa sauti yake mwenyewe. Unakumbuka nilivyokaa naye wiki tatu kabla ya upasuaji, yeye anasema na mimi narekodi. Mtu aliyetangaza treni miaka thelathini na moja hakutaka kuzungumza kwa sauti ya kuazima.

Sasa nikueleze shida. Tangu niweke ule mfumo mpya uliotutumia Desemba kutoka kampuni yenu, kompyuta imekuwa goigoi. Zamani Baba alibonyeza neno likatoka papo hapo. Siku hizi anabonyeza, kiduara kinazunguka, kinazunguka, halafu neno linatoka wakati mazungumzo yameshahama. Juzi fundi viatu alipokuja saa kumi kama kawaida yake, Baba alikuwa ametoka kumtukana mtangazaji wa redio. Fundi akauliza, "Umelalaje, mzee wangu?" Kompyuta ikamjibu kwa sauti ya Baba, "Mpumbavu mkubwa." Walicheka mpaka Baba akashika shingo. Nilicheka nao, lakini baadaye nilimwona amekaa peke yake akibonyeza neno moja tu, "Sasa," na kuhesabu kwa vidole mpaka litoke. Alifika kumi na nne.

Kuna na mengine yamejileta. Kuna kisura cha manjano kinachotabasamu kila ukiwasha. Kuna hali ya hewa ya miji ambayo hatutaifikia. Kuna mchezo wa karata. Nani aliwaomba? Turudishie mfumo wa zamani, Kaka. Wala sitaki mzuri, nataka ule ule.

Mdogo wako


19 Februari

Mdogo wangu,

Lawama nimezipokea, na nimecheka peke yangu ofisini kwa habari ya fundi viatu. Mwambie naomba radhi kwa niaba ya kampuni.

Wacha nikueleze kwa lugha ya kawaida. Mfumo ni kile kinachoiamsha kompyuta na kuipa akili ya kuendesha programu nyingine zote. Wa kwanza niliofanya kazi nao hapa ulikuwa wa megabaiti mia tatu, ungeuweka hata kwenye flashi ya zamani kabisa ukabaki na nafasi ya picha za harusi. Huo uliowekewa Baba ni wa gigabaiti kumi na moja, zaidi ya mara thelathini. Nao haufanyi kazi mara thelathini. Unafanya kazi ile ile, ila umevaa nguo thelathini.

Inatokea hivi. Kila Jumatatu kuna kikao. Mmoja anasema wateja wanataka kisura, mwingine anataka vivuli chini ya madirisha, na dada mmoja tunayemwita Bi Rangi hajawahi kutoka kikaoni bila kuongeza kitu kinachong'aa. Kila kimoja ni kidogo na kila mmoja ana sababu nzuri. Lakini ipo kanuni hapa, niliiandika mimi: anayeongeza atoe. Ukileta kipengele kipya cha uzito fulani, unataja cha zamani cha uzito ule ule kitakachoondoka, na mimi ndiye natia saini. Ndiyo maana wananiita Mkasi. Hawanipendi, lakini wananihitaji.

Toleo la zamani siwezi kukurudishia. Halipo tena ghalani, kampuni iliyafuta yote ya kabla ya mwaka juzi. Ila toleo jembamba linakuja, nakuahidi. Nitumie ile flashi kwa basi la mizigo, ile uliyorekodia maneno ya Baba, ndiyo pekee yenye nafasi ya kutosha. Msalimie sana.

Kaka yako


11 Machi

Kaka,

Flashi ilishatoka, natumaini umeipata. Huku mambo yameharibika zaidi na sitakupambia.

Kila asubuhi kompyuta inatuandikia kwamba nafasi haitoshi. Kile kisura cha manjano kinatuomba tufute vitu ili kiendelee kutuhudumia. Nimefuta picha za arusi ya shangazi, nimefuta barua zangu za chama, nimefuta mpaka masomo yangu ya ukarani. Karata haifutiki, nimejaribu. Ukiifuta inarudi.

Baba ameanza kunyamaza. Kunyamaza kweli, hata kubonyeza habonyezi. Daktari akija anatikisa kichwa tu. Fundi viatu bado anafika saa kumi, lakini anazungumza peke yake na kujijibu, halafu anaaga. Jana nilimuuliza Baba kama kuna mahali panauma. Akabonyeza. Nikaondoa vyombo, nikafuta meza, ndipo kompyuta ikasema, "Hapana." Alikuwa ameshanigeuzia mgongo.

Jambo jingine nalisema kwa sababu nimechoka kulibeba. Hajawahi kukusema vibaya kwa kuondoka vile. Wewe hujui, lakini ile treni uliyopanda kwa siri aliitangaza yeye. Alitaja njia yako yote, kituo kwa kituo, na hakujua umo ndani. Alipofika nyumbani akakuta kitanda kimetandikwa, akakaa juu yake. Miaka tisa sasa, Kaka. Hasira kama ilikuwapo imeshakwisha, wewe ndiye umebaki ukiiogopa.

Sasa niambie kweli. Una kauli huko kazini, au unakaa tu kikaoni?

Mdogo wako


2 Aprili

Mdogo wangu,

Nina kauli. Fungua bahasha ya pili, flashi imo ndani, na toleo jembamba limo.

Sikukujibu mapema kwa sababu wiki hizi nilikuwa nalala ofisini. Walitaka kuziacha kabisa mashine ndogo. Mkurugenzi alisema mwenye kompyuta ya miaka kumi anunue nyingine, akageuza ukurasa. Nikasimama. Sikumtaja Baba, nilisema tu kwamba kuna watu ambao kompyuta ndogo ndiyo mdomo wao. Kulikuwa na ubishi mrefu, na mwishoni tulipata njia ambayo kila upande uliikubali. Mfumo mpya unajisafisha wenyewe. Kuna kitu ndani yake kinaitwa Mfagizi: kinapita kwenye kompyuta, kinaangalia takataka, kinaziondoa, na nafasi inapatikana bila wewe kufuta chochote kwa mkono.

Usihangaike na maelezo marefu yatakayotokea. Chomeka flashi, subiri, na kila ikikuuliza bonyeza Kubali. Baba atazungumza kama zamani, naweka kichwa changu rehani.

Kuhusu mengine uliyoyaandika, nimeyasoma. Nitakuja kazi ikipungua.

Kaka yako


20 Aprili

Kaka wa mimi,

Leo sina lawama hata moja, kaitunze barua hii maana hutapata nyingine.

Nimebonyeza Kubali mara saba. Kompyuta ilijizima, ikajiwasha, ikakaa kimya nusu saa nikaanza kulia, halafu ikaamka kama mpya. Baba akabonyeza "Sasa." Likatoka kidole kikiwa bado hakijainuka. Akabonyeza tena na tena, kisha akanigeukia na kubonyeza mengine kwa mfululizo: "Chai. Moto. Sukari. Nyingi. Wewe. Mchoyo." Tangu asubuhi hajanyamaza. Anasema juu ya dawa, anasema juu ya nguo zangu, anasema juu ya mama wa jirani na kuku wake. Fundi viatu alipofika alikatizwa mara nne, akaniambia pembeni kwamba alikuwa amesahau mzee anavyopenda kubisha.

Sikiliza na hili. Alipokuwa akibonyezabonyeza akaangukia ukurasa wa shukrani, ule wenye majina ya waliotengeneza. Akaniita kwa kugonga meza. Imeandikwa: "Mfagizi. Kimebuniwa na kuandikwa na Mkasi." Nilishamsomea barua zako, kwa hiyo anajua Mkasi ni nani. Amenikataza kuufunga ukurasa huo. Kila anayeingia anaonyeshwa, hata msomaji wa mita za umeme. Anaweka kidole chini ya jina lako na kumtazama mtu usoni mpaka atoe pongezi.

Kumbe kile kitu ni chako mwenyewe. Mbona hukusema? Unajificha hata kwa mazuri.

Mdogo wako


27 Aprili

Kaka,

Maneno yamepungua. Nimehesabu mara mbili kwenye orodha ya programu. Yalikuwa mia sita na arobaini, yako mia tano sabini na moja.

Baba bado hajui, anadhani macho yake ndiyo yanayoyaruka. Yarudishe.

Mdogo wako


9 Mei

Mdogo wangu,

Nimepata barua yako na nimefuatilia. Inaonekana Mfagizi hutazama faili ambayo haijafunguliwa kwa siku tisini na kuihesabu takataka. Ni uzembe wa mtu mmoja kitengoni aliyeweka kipimo hicho bila kufikiria. Nimeongea naye kwa ukali.

Kompyuta isizimwe na isiongezewe kitu. Huenda yale maneno bado yamo chini kwa chini, kwa sababu kitu kinachofutwa hakiondoki siku hiyo hiyo, kinakaa mpaka kingine kikalie nafasi yake. Niambie baada ya kufagiwa paliwekwa nini.

Nakala nimezitafuta. Ile flashi niliifuta mimi ili mfumo ukae, usingetosha vinginevyo. Nyingine ilikuwa kwenye kompyuta yangu ya ofisini, na Mfagizi alijaribiwa kwanza kwetu. Haimo.

Usihuzunike sana. Ni maneno sitini na tisa ambayo kwa siku tisini hakuyahitaji. Yanayotumika yote yapo. Ni maneno gani hasa?

Kaka yako


21 Mei

Kaka,

Mtu mmoja kitengoni. Jina lake liko mezani kwa Baba, linaonyeshwa wageni, na wewe unaniandikia kwamba umeongea naye kwa ukali. Natumaini alikusikia.

Umeuliza paliwekwa nini. Baada ya kufagia palijiwekea vitu vyenyewe: kalenda ya mpira, mchezo wa pili wa karata, na msaidizi mwenye sauti ya msichana mchangamfu anayetaka kujua kama tunahitaji msaada. Nilimwita fundi wa kompyuta wa shule ninakofanya kazi, akashinda nayo siku nzima. Amesema kile kilichokaliwa kimekaliwa. Hata vipande hakupata. Akasema pia yule msichana anaweza kumsomea Baba neno lolote atakaloandika. Baba alimsikiliza neno moja, akamzima.

Umeuliza ni maneno gani. Nilitaka nisikuambie, lakini umesema hakuyahitaji, na hilo siwezi kuliacha lipite.

Mimi ni karani, kila kilichorekodiwa nilikinakili kichwa chake kwenye daftari. Nimekaa nalo na kulinganisha na kompyuta mstari kwa mstari. Hamsini na nane ni ya kawaida, ya sikukuu, ya msiba, ya mvua ambayo mwaka huu haijanyesha. Kumi na moja yaliyobaki aliyarekodi jioni ya mwisho kabla ya upasuaji. Alinitoa chumbani na kufunga mlango, na mimi nilikaa jikoni nikisikia mngurumo tu. Vichwa vyake aliviandika mwenyewe. Vinasema "Akija 1," "Akija 2," mpaka "Akija 11."

Sijui alisema nini humo. Hakuna anayejua. Hayakufunguliwa hata mara moja kwa siku tisini, Kaka, kwa sababu hukuja.

Mdogo wako


14 Juni

Mdogo wangu,

Nilikuja Alhamisi. Najua umeshaambiwa na mama wa jirani. Nilichagua siku ya mitihani kwa makusudi, ili nikute umebanwa shuleni, na niliondoka kabla hujarudi. Nitukane ukitaka, ila kwanza nikuambie yote, kwa sababu nimekudanganya kwa muda mrefu na sina mwingine wa kumwambia.

Kanuni ya anayeongeza atoe ilishafutwa kabla hujaniandikia ile barua ya Februari. Kitengo changu kilivunjwa, nikabaki peke yangu na meza karibu na ngazi. Mkurugenzi aliniambia waziwazi: kuongeza hakutasimama, kwa hiyo nikitaka mashine ndogo zisiachwe, nafasi niitafute kwa wenye mashine, si kwetu. Niliandika Mfagizi kwa wiki tatu. Niliandika nikimfikiria Baba kila siku, kwamba apate tu kusema bila kusubiri. Ile tisini niliiweka mimi. Nilijiuliza ni mtu gani anaweka kitu miezi mitatu bila kukigusa halafu akakihitaji, na nikajijibu hayupo. Nimeomba Mfagizi aondolewe. Wamesema ndicho kipengele kinachosifiwa kuliko vyote, na mwezi ujao tisini itakuwa thelathini. Nafasi imeshagawanywa kwa vitu vipya.

Basi nilifika saa nne. Baba alifungua mlango mwenyewe. Amekonda, hukuniambia. Alinishika mabega akanitikisa, mdomo wazi, akicheka bila mlio wowote, na pumzi inatoka shingoni. Akanikalisha kwenye kiti cha fundi viatu. Alinionyesha jina langu kwenye ule ukurasa na kunipigapiga mgongoni. Kisha akaufunga, akafungua orodha ya maneno, na akaniinulia kidole nisubiri.

Alianza kutafuta. Nilijua anatafuta nini, nilikuwa na barua yako mfukoni. Alishuka mpaka chini kabisa, akarudi juu. Akashuka tena. Kompyuta ilikuwa nyepesi, kila alipogusa ilitii hapo hapo. Mara ya tatu alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa. Alipokosa tena aliniangalia kwa aibu, mtu mzima yule, akajigonga paji la uso kwa kidole kunionyesha kwamba kichwa chake hakimtunzii vitu siku hizi. Alidhani kosa ni lake. Mimi nilikuwa na sauti yangu nzima, Mdogo wangu, na sikumwambia.

Alirudi juu ya orodha. Halafu, kwa kuwa alitaka kuniambia kitu kwa sauti yake na hakuwa na kingine, alichagua katika yale aliyozoea kuyatumia mlangoni kwa daktari na msomaji wa mita. Akabonyeza. Ikatoka safi, ile ile ya stesheni:

"Karibu, mgeni. Nikusaidie nini?"

Nikamjibu kwamba nilikuwa napita tu, nimeona nimjulie hali.

Kaka yako